Wiki 8 za mechi ndogo za handiboli: pumzi imekuja, ila kwenye mchoro wa uwanja wamechemsha

Nimemaliza wiki ya nane juzi, kwa hiyo hii sio rivyuu ya mtu aliyefungua video mbili akakimbilia kutoa nyota. Ni programu ya kununua mtandaoni, ya kujenga pumzi ya wachezaji wa handiboli (mpira wa mikono) kwa kutumia mechi ndogo, yaani badala ya kuwazungusha watu raundi za uwanja unawawekea tatu kwa tatu, nne kwa nne, mpira mkononi, muda mfupi mkali, pumzika, rudia. Unapata video, faili la michoro ya kuprinti, na saa ya kuhesabia muda kwenye simu. Jina silitaji maana za staili hii ziko nyingi sasa hivi na makosa yao yanafanana kama mapacha, ukiwa na yoyote ile kuna kitu chako humu.

Mi ni kocha mchezaji, timu ya ridhaa, tukijaa tuko 14 na tukijaa ni mara chache. Mazoezi mara mbili kwa wiki, saa moja na nusu basi. Hapo ndo utaelewa kwa nini nilishawishika, maana ukitoa nusu saa ya kukimbia tu, ukitoa na kupasha, beki utaifundisha saa ngapi? Na kusema ukweli raundi za uwanja hazifanani hata kidogo na mchezo wenyewe. Handiboli ni dakika 60, vipindi viwili vya 30, lakini hakuna dakika utamkuta mtu anatroti mwendo mmoja. Unachomoka, unafunga breki, unamzuia kwa kifua mtu wa kilo 95, unaruka, unatua, unageuka unarudi kukaba, af unatembea sekunde kumi unavuta hewa na mara hiyo hiyo wenzako wameshaupoteza mpira unarudi tena mbio. Sab nazo hazina idadi, unaingia unatoka. Mwili unatakiwa ujue kupanda na kushuka.

Kwa hiyo wazo lenyewe sina ugomvi nalo, na sio la kubuni leo. Mtafiti Mfaransa Martin Buchheit, huyo huyo aliyetengeneza kile kipimo cha pumzi cha 30-15, alitoa utafiti na wenzake mwaka 2009 kwa vijana wa handiboli, kundi moja likakimbizwa kwa vipindi vifupi vikali, jingine likachezeshwa mechi ndogo, mara mbili kwa wiki kwa wiki 10, na makundi yote mawili yakapanda. Wauzaji wanapenda sana kuutumia utafiti kama huo kwenye matangazo. Wasichokisema ni kwamba mechi ndogo inafanya kazi ikisimamiwa, ukiwaachia watu wacheze tu wanacheza kweli, tena wanafurahi, ila pumzi inabaki pale pale.

Siku ya kwanza ilikuwa aibu. Video inaonyesha tatu kwa tatu, dakika 4, mara 4. Nikapiga filimbi, watu wakaanza kwa fujo, kama sekunde ya 20 hivi mtu kashuti juu ya goli, mpira ukagonga ukuta ukabiringika mpaka chini ya benchi za kule mwisho. Kipa kaufuata kwa mwendo wa bibi harusi. Wengine wamesimama mikono kiunoni, mmoja anafunga kamba za viatu, mwingine anasimulia kitu hadi wanacheka. Nikacheki saa, sekunde 17 zimeenda. Ikatokea mara tano ndani ya dakika hizo nne. Piga hesabu mwenyewe, ni karibu dakika moja na nusu watu wamesimama tu, moyo uliopanda kwa shida umeshashuka zamani.

Kwenye video yao hilo huwezi kuliona kwa sababu wamekata vipande vya kuokota mpira, wanaonyesha vile vitamu tu. Dawa yake ni mipira mitano sita ndani ya kila goli, kipa anarusha mwingine sekunde ile ile goli likiingia au mpira ukitoka, hakuna kwenda katikati kuanza upya, hakuna kushangilia. Baada ya kufanya hivyo mechi ikabadilika kabisa, dakika ya tatu hakuna aliyekuwa na pumzi ya kusimulia chochote. Na cha kuudhi ni kwamba wao wanalijua hili, wameliandika, ila ukurasa wa 31, kwa maandishi ya sisimizi, chini ya kichwa "vifaa". Hicho ndicho kilitakiwa kiwe ukurasa wa kwanza kwa herufi nene!

Sasa uwanja. Hapa ndo wamechemsha mbaya. Mchoro wa wiki ya pili unasema tatu kwa tatu, mita 20 kwa 20, magoli mawili, makipa wawili. Kwenye karatasi inapendeza, ni nusu ya uwanja wa 40 kwa 20, na ukigawa mita za mraba 400 kwa watu 6 kila mmoja anapata kama 67, ambayo ni sawasawa na mechi kamili, 800 kwa 12 ukiwaacha makipa pembeni. Hesabu tamu. Ila aliyechora kasahau kwamba handiboli ina eneo la kipa, na mchezaji wa ndani haruhusiwi kulikanyaga. Mita 20, toa 6 huku, toa 6 kule, katikati ya magoli zinabaki mita 8. Nane! Watu sita humo ndani, hatua tatu zako za halali umeshafika upande wa pili. Tulicheza siku hiyo tukawa tunagongana kama mbuzi kwenye banda, dakika nzima hakuna aliyekimbia zaidi ya mita tano, na senta wetu kaondoka na kidole kimevimba. Ukiangalia mchoro kwa makini unaona kabisa umetoka kwenye futiboli ukabandikwa jina jipya.

Tulichofanya sisi ni kuchora maeneo ya kipa kwa koni, mita 4 tu, kwa zile siku za uwanja mfupi, na siku nyingine kuwapa hao hao watatu kwa watatu uwanja wote wa mita 40. Huo uwanja wote ni habari nyingine, kila mtu ana mita za mraba zaidi ya 130 za kuzihangaikia, moyo unausikia masikioni. Siku nyingine hatuweki magoli kabisa, unafunga kwa kuuweka mpira chini nyuma ya laini ya mwisho, na hapo ile 20 kwa 20 yao inafaa vizuri kweli kwa sababu hakuna eneo la kukatazwa. Kwa uzoefu wangu uwanja ukipanuka watu wanakimbia zaidi, ukibana wanafunga breki na kusukumana zaidi, kwa hiyo unachagua kulingana na unachokitafuta siku hiyo. Programu inasema "rekebisha ukubwa wa uwanja kulingana na malengo yako" halafu inapita kama haijasema kitu.

Nije kwenye wategeaji maana hapa nina la moyoni. Kwenye raundi za uwanja mtegeaji unamuona, yuko nyuma peke yake. Kwenye nne kwa nne anajificha vizuri sana. Pivoti wetu, yule anayecheza katikati ya mabeki wa wapinzani, jitu la miraba minne, mtu wa watu, wiki mbili za mwanzo alikuwa anasimama laini ya mita sita ya wapinzani anasubiri pasi, akidaka anageuka anafunga, sisi tunampigia makofi. Kukaba tunakaba watatu. Alifunga kuliko wote na fulana yake ilikuwa kavu. Nikaweka sheria, goli halihesabiwi mpaka timu nzima iwe imevuka katikati, na mkifungwa huku mwenzenu bado yuko mbele linahesabiwa mawili. Sikumwambia neno. Wenzake ndo walianza kumpigia kelele "rudi! rudi wewe!" na siku ya tatu ya hiyo sheria nilimkuta kainama ukutani anatema mate, akaniangalia kama nimemuibia kitu. Sasa hivi ndo mtu wa kwanza kurudi kukaba, ila bado hanisemeshi vizuri.

Sheria ndo injini ya mambo haya, na katika hilo programu imejitahidi, wana sheria kama kumi na mbili za kuchanganya. Tulizozitumia mpaka mwisho ni chache. Kukaba mtu kwa mtu uwanja mzima inaua kuliko zote, kwa sababu mtu wako akitembea unapumzika ila akichomoka huna pa kujificha. Kukataza kudunda mpira nayo kali, maana unabaki na hatua tatu na sekunde tatu za kukaa na mpira, wenzako wasipokufuata umekwama, kwa hiyo wanaokimbia ni wale wasio na mpira. Kuna moja niliongeza mwenyewe, nahesabu pasi nne kwa sauti af lazima mshuti. Tangu sheria za 2022 refa akishanyanyua mkono wa kuonya kupoteza muda mnabaki na pasi 4, zamani zilikuwa 6, kwa hiyo hapo unajenga pumzi na unawazoesha kutopaniki kwa pamoja. Na kelele za kocha sio urembo jamani, siku niliyokuwa na mafua nikakaa kimya ilionekana kabisa.

Mapumziko ndo sehemu nyingine ya kulalamika. Wameandika dakika 4 za kucheza, dakika 1 ya kupumzika, mara nne. Labda kwa timu zao za kwenye video zenye watu wa kulipwa. Kwetu raundi ya tatu watu walikuwa wanatembea, pasi zinaenda kwa mashabiki, beki imekuwa ya kunyoosha mikono tu. Nikaweka dakika 2 na nusu mpaka 3, na ghafla raundi ya nne ikawa na kasi karibu ya raundi ya kwanza. Wanne wetu wana mikanda ya kifuani ya kupima mapigo ya moyo, na tulikuwa tunataka muda mwingi wa mchezo wakae asilimia 85 mpaka 90 ya kiwango chao cha juu. Kwa mapumziko ya dakika moja walifika hapo raundi mbili tu, zilizofuata miguu iligoma kabla ya moyo. Wasio na mikanda niliwauliza baada ya mazoezi, kutoka 0 mpaka 10 leo ilikuwa ngumu kiasi gani, nikazidisha kwa dakika za mazoezi nikaandika kwenye daftari. Njia ya kimaskini ila ukiifuata wiki nane unaona nani anazama kabla hajakwambia. Saa za mkononi msivae, kwenye mechi haziruhusiwi na mazoezini ziacheni pia, winga wetu ana alama ndefu mkononi ya saa ya mwenzake.

Wiki ya tano sasa, hapo nawavulia kofia. Mbili kwa mbili kwenye kiboksi cha mita 10 kwa 10, sekunde 45 kazi, sekunde 45 pumziko, kugusana kunaruhusiwa kama kwenye mechi, ukichezewa faulo mpira unauweka chini unaanza ndani ya sekunde mbili bila kubishana. Kwa nje inaonekana mchezo wa watoto. Ukiwa ndani, sekunde ya 30 mikono inakuwa mizito kabla ya miguu, kwa sababu umemshika mtu kiunoni na begani anasukuma na wewe unasukuma na huku unatakiwa uone pasi inaenda wapi. Sijawahi kupata zoezi la kukimbia linalochosha hivyo, na ndo uchovu tunaoupata kwenye mechi dakika ya 50. Beki yetu ya kati ilibadilika kuanzia wiki hiyo, na hili sio langu peke yangu, hata timu tuliyocheza nayo kirafiki walisema mmekuwa wabishi.

Ila kupasha kwao ni dakika 3. Dakika tatu kisha moja kwa moja kwenye chenga na kutua! Kwenye mchezo huu magoti mengi hayaharibiki kwa kugongwa, yanaharibika mtu akipiga chenga au akitua kwa mguu mmoja, hakuna aliyemgusa, na mechi ndogo imejaa vitu hivyo hivyo. Sisi tuliweka dakika 15, kutua kwa miguu miwili goti likiwa limekunjwa lisiingie ndani, kusimama mguu mmoja mwenzako anakusukuma, kugeuka taratibu kisha kwa kasi. Inachosha kuisimamia, vijana wanaona unawachelewesha. Wiki nane hatujapoteza goti hata moja, sitasema ni kwa sababu ya hilo ila sitaliacha.

Bega nalo. Hakuna mahali wamekwambia uhesabu mashuti. Siku moja nilimhesabia winga wa kulia, tatu kwa tatu, raundi nne, alirusha 26 golini kwa nguvu zake zote, hapo hujaongeza zile za kupasha makipa. Wiki ya tatu watu wawili walikuwa wanashika bega wakivaa jaketi. Ndo maana zile siku za kufunga kwa kuweka mpira chini ni muhimu, siku moja mashuti, siku nyingine bila shuti, bega linapumua na pumzi inajengeka vile vile.

Kipa kasahaulika kabisa. Kwao kipa ni kama nguzo ya goli, anasimama anapigwa mipira kwa dakika 16, ya karibu, ya watu waliochoka wasiojali inaenda wapi. Wetu alichukua moja ya uso wiki ya kwanza na nusu atuachie timu, na alikuwa na haki. Tukakubaliana mashuti ya juu ya kichwa ni marufuku kwenye mechi ndogo, ukirusha huko timu yako inatoka mtu kwa dakika moja. Pia makipa wanapokezana, mmoja golini, mwingine pembeni anafanya mazoezi ya miguu.

Halafu lile tangazo lao la "hutakimbia tena bila mpira", hapana. Uongo mtakatifu. Uwanjani kwenye tatu kwa tatu huwa hufiki spidi yako ya mwisho, ukianza kuchanganya tu kuna mtu mbele au laini. Winga wa kaunta, yaani wa shambulizi la haraka, anahitaji mita 30 za kufunguka bila kuangalia nyuma, na mguu usiozoea hiyo spidi mazoezini ndo unashika paja kwenye mechi. Tuliongeza mbio nne mpaka sita za urefu wa uwanja, baada ya kupasha, miguu ikiwa mipya, kwa kupumzika vya kutosha katikati. Zinachukua dakika nane tisa hivi.

Matokeo? Tulipima kwa 30-15 kabla na baada, unakimbia sekunde 30 unatembea 15, inaanza kilomita 8 kwa saa na kila raundi inaongezeka nusu kilomita, mpaka ushindwe kufika laini. Mi mwenyewe nilitoka 16.5 nikafika 17.5. Wengi walipanda nusu au moja. Wawili hawakupanda kabisa, na ukifungua daftari langu hao wawili ni wale wale waliokuwa wanajibu "nne tu kocha" kila nikiwauliza ugumu, tena ni wazuri wa mpira, wanajua kusimama pa kupatia bila kutoka jasho. Hao nimewarudishia kukimbia kwa muda, dakika 8 za kukimbia sekunde 15 na kupumzika 15 mwisho wa mazoezi, wanasaga meno ila wanafanya.

Kuhusu huduma yenyewe haraka haraka. Saa ya kwenye simu ina mlio mdogo kama wa ujumbe, kwenye ukumbi wenye watu wanapiga kelele haisikiki, nimerudi kwenye filimbi. Video ni fupi na zinaeleweka hata bila sauti, hilo zuri. Michoro ukiprinti nyeusi na nyeupe timu mbili zinafanana rangi, hujui nani anakaba nani. Niliwaandikia kuhusu zile mita 8, jibu likaja baada ya siku tisa, wanashukuru kwa maoni yangu na wananipa punguzo la programu ya kuogelea. Ya kuogelea!

Natoa nyota tatu na nusu. Ukiwa kocha unayejua kusoma uwanja na kukataa mchoro usioeleweka, chukua, wiki ya tano peke yake inatosha. Ukiwa mpya kabisa na unategemea karatasi ikuongoze, tafuta mtu wa kukaa naye kwanza. Na nyie wenye programu mkipita hapa, nimefungua faili jana usiku, mchoro wa wiki ya pili bado umeandikwa 20 kwa 20.